Stata Inazunguka, Gari Haliwaki: Pima Nyaya Kabla Hujanunua Ignaita

Kwenye gereji zetu za Dodoma, ukiacha pampu ya mafuta, hakuna kifaa kinachosingiziwa kama ignaita, kile kiboksi kinachoifanya koili itoe cheche. Gari likikosa moto, hukumu inatolewa bonati ikiwa bado haijafunguka vizuri: "Bosi, ignaita imekufa, tafuta hela." Bosi anatafuta hela, inaletwa ya mtumba, inafungwa, na gari linabaki palepale. Au linawaka, halafu linagoma tena njiani kabla ya kufika Chamwino. Mara nyingi ugonjwa haukuwa ndani ya kiboksi. Ulikuwa kwenye nyaya nne au tano zinazokiingia.

Mifano mingi hapa ni ya Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani: Corolla za injini ya 4A-FE na 5A-FE zenye distributa (inayogawa moto kwa kila plagi), Noah ya 3S-FE, IST ya 2NZ-FE yenye koili juu ya kila plagi. Nissan na Mitsubishi zina rangi na majina tofauti ya waya, ila mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

Nyaya zinazoingia na kutoka

Ignaita ni swichi. Ile kazi ya kufunga na kufungua iliyofanywa na platini kwenye Peugeot za zamani, sasa inafanywa na transista isiyo na kitu kinachosogea. Umeme wa betri unapita fyuzi na swichi ya funguo, unafika upande chanya wa koili na kusubiri hapo. Upande hasi wa koili unaingia kwenye ignaita. Kontroliboksi, yaani kompyuta ya injini, ikituma ishara, ignaita inaunganisha upande ule hasi na bodi, na koili inajaa usumaku kwa milisekunde chache. Ishara ikikatika, ignaita nayo inakata ghafla, usumaku unaporomoka, na koili inasukuma maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Kwa hiyo cheche huzaliwa umeme unapokatwa. Fundi asiyelijua hili hutafuta ugonjwa upande usio wake.

Kwenye Toyota, nyaya zina majina utakayoyaona kwenye michoro. +B ni umeme wa volti 12 funguo ikiwa ON. GND ni ethi, waya wa kwenda bodi, na kwenye Toyota rangi yake huwa nyeupe yenye mstari mweusi. IGT ni agizo kutoka kontroliboksi. IGF ni risiti: kila ignaita inapokata koili, hurudisha IGF kuijulisha kontroliboksi kwamba kazi imefanyika. Ignaita iliyojitenga na koili ina waya mwingine wa kwenda upande hasi wa koili, na mara nyingine mmoja zaidi wa kwenda kwenye geji ya mizunguko.

Kwenye Corolla nyingi za 4A-FE, koili, ignaita na sensa za mzunguko vyote vimebanana ndani ya distributa. Gari nyingine hubeba ignaita pembeni ya koili, imefungwa kwa boliti kwenye bodi. Kwenye IST kila koili ina ignaita yake tumboni na soketi ya pini nne: +B, IGF, IGT, GND, kwa mpangilio huo. IGT nne zinatoka kontroliboksi kila moja kivyake, lakini IGF za koili zote zinaungana na kuwa waya mmoja. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji multimita, taa ndogo ya LED ya kupimia, taa ya kawaida ya balbu, na plagi moja ya zamani. Balbu usiiguse kwenye IGT wala IGF, maana inavuta umeme mwingi kuliko nyaya za ishara zinavyoweza kubeba na inaweza kuua kontroliboksi. Huko tumia LED.

Usishike waya wa plagi kwa mkono stata ikizunguka. Usiuache unaning'inia hewani pia, kwa kuwa umeme ukikosa njia kwenye plagi utaitafuta ndani ya koili au ndani ya ignaita yenyewe. Na usitoboe ganda la waya kwa pini ili kupima. Mwezi wa Agosti, upepo wa Dodoma ukiwa umebeba vumbi, hutaona madhara. Mvua ya Desemba ikifika, maji yanaingia kwenye kile kitundu, shaba inageuka kijani, na gari linarudi kwako. Pima kwa kupenyeza ncha ya multimita nyuma ya soketi, upande waya unakoingilia.

Stata inazunguka vizuri, gari haliwaki kabisa

Hapa ndipo hela nyingi za wateja zinapotelea, kwa hiyo tuende taratibu.

Kwanza tenganisha moto na mafuta. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye ile plagi ya zamani, kisha ibane plagi kwenye chuma cha injini kwa waya wa kubustia betri. Chomoa soketi za nozeli zinazopuliza mafuta ili injini isilowe petroli, halafu piga stata. Kwa jua la mchana la huku cheche huwezi kuiona hata ikiwepo, kwa hiyo iwekee kivuli na usikilize: cheche nzuri ni ya bluu na inasikika ikipiga tik-tik kali. Ikiwa ya njano na nyembamba kama uzi, ihesabu kuwa haipo.

Cheche ikiwepo, achana na ignaita, nenda kwenye mafuta. Isipokuwepo kwenye gari la distributa, fungua kifuniko cha distributa na umwambie mtu apige stata. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, isipozunguka, mkanda wa taimingi umekatika, na hakuna ignaita itakayokusaidia. Kipimo hiki hakihitaji hata multimita, lakini nimeona distributa nzima ikinunuliwa kwa sababu hakuna aliyekifanya.

Rota ikizunguka, pima betri wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, anza na betri na vichwa vyake. Stata inaweza kuzunguka huku kontroliboksi na ignaita vikiwa na njaa ya umeme.

Sasa nenda kwenye +B. Funguo ikiwa ON, upande chanya wa koili uwe na volti zinazokaribia za betri. Usiishie hapo: pima tena stata ikizunguka. Kuna swichi za funguo zilizochakaa ambazo hutoa umeme kwenye ON na kuupoteza kwenye START. Dalili yake ni gari linaloshtuka na kutaka kuwaka pale tu unapoachia funguo. Mwenye gari atakueleza mwenyewe ukimsikiliza: "Fundi, linawaka nikishaachia." Hapo umeshapata jibu, badilisha swichi.

+B isipofika kabisa, angalia fyuzi, kisha fuata waya kwa macho chini ya usukani, utafute mikono ya mtu aliyepita kabla yako. Siku hizi gari nyingi, hasa za mkopo na za kukodisha, zimefungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari chenye rilei ya kuzima injini. Fundi alamu hukata waya wa +B au wa pampu, anapachika rilei katikati, anasokota kwa vidole na kufunga tepu nyeusi. Joto la gari lililofungwa vioo mwezi wa Oktoba linayeyusha gundi ya ile tepu, msokoto unalegea, na unabaki na gari linalowaka asubuhi na kugoma saa nane. Ruka rilei hiyo kwa waya wa muda ujiridhishe. Kama gari ni la mkopo, mwenye gari aongee na waliokifunga kifaa. Usikitoe kimyakimya.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Wengi huipima kwa omu, wanaona sifuri, wanaridhika. Waya uliobakiza unyuzi mmoja nao utakuonyesha omu sifuri, kwa sababu multimita inapitisha umeme kidogo mno. Koili ikitaka ampea kadhaa, unyuzi ule hauwezi. Kipimo cha kweli ni hiki: ncha nyeusi ya multimita kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye pini ya GND ya ignaita au kwenye mwili wake wa chuma, halafu piga stata. Ikizidi volti 0.2, ethi ni mbovu. Ignaita zinazotegemea boliti zake kama ethi huugua sana baada ya gari kupigwa rangi upya, maana rangi inaingia chini ya boliti na umeme unakosa pa kupita.

Baki na IGT. LED kwenye IGT na ethi, piga stata. Kwenye gari la distributa la silinda nne, stata ikizunguka mara 200 kwa dakika, LED inameta karibu mara saba kwa sekunde. Kwenye koili moja ya IST utaona chini ya mara mbili kwa sekunde, kwa hiyo usikate tamaa haraka. Isipometa, ignaita haijapewa agizo na haina kosa lolote. Rudi kwenye sensa za mzunguko na umeme wa kontroliboksi. Sensa za ndani ya distributa ya 4A-FE zinapimika kwa omu zikiwa baridi: NE (ya mizunguko ya injini) huwa kati ya 370 na 550, G (ya nafasi ya silinda) kati ya 185 na 275.

LED ikimeta, hamia upande hasi wa koili. Weka taa ya balbu kati yake na kichwa chanya cha betri, piga stata. Multimita usiipeleke hapo, maana koili inaporudisha mkupuo inaweza kupita volti 300. Balbu ikipepesa, ignaita inakata na kuunganisha vizuri. Chunguza koili, rota na kifuniko. Koili ya 4A-FE iwe na omu 1.11 hadi 1.75 upande wa msingi, na kilo-omu 9 hadi 15.7 upande wa juu, ikiwa baridi. Balbu isipopepesa, ilhali +B ipo, ethi ipo, na IGT inafika, basi ignaita imekufa kweli. Sasa ndiyo umwambie bosi atafute hela.

Linawaka, sekunde chache linazima

Fikiria IGF. Kontroliboksi za Toyota nyingi zikikosa ile risiti hukata nozeli, zisije zikajaza petroli mbichi kwenye ekzosi. Gari linaunguruma kidogo, linazima, na kila ukirudia ni vilevile. Kwenye gari za kabla ya miaka ya 2000, unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha vipimo chini ya bonati, weka funguo ON, na uhesabu taa ya injini: mmweko mmoja, kituo, mimweko minne. Hiyo ni kodi, yaani namba ya hitilafu, 14, ya IGF. Kodi 12 na 13 ni za ishara ya mzunguko, yaani za sensa.

Chomoa soketi ya ignaita, funguo ON, pima waya wa IGF upande wa gari. Volti ziwe karibu 5. Zisipokuwepo, waya umekatika au umegusa bodi kati ya hapo na kontroliboksi. Zikiwepo, na ukirudisha soketi hazichezi hata kidogo stata ikizunguka huku cheche ipo, ignaita haitoi risiti.

Kwenye IST, kwa kuwa IGF zimeungana, koili moja iliyoshuti ndani inaweza kuuvuta waya wote hadi sifuri, ukapata kodi za silinda zote nne kwa mpigo, P1300, P1305, P1310 na P1315. Koili nne hazifi siku moja. Chomoa moja moja huku ukipima IGF, na ile itakayorudisha volti 5 ikitoka ndiyo yenye hatia.

Kama gari lina funguo ya chipu na taa yake inameta kwenye dashibodi, huo ni ugonjwa mwingine.

Linakata likichemka, likipoa linawaka

Gari limetoka Dodoma vizuri, limepita Bahi na Kintinku, linaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, linazima. Dereva anasubiri nusu saa, linawaka, anaendelea kidogo, linazima tena. Kila mtu atasema ni pampu ya mafuta. Inawezekana, ila usikisie: plagi ya zamani ikae kwenye gari, na pale pale linapozima, kabla halijapoa, ipime cheche. Likifikishwa gereji limepoa, umechelewa.

Cheche ikiwa imepotea, washukiwa ni watatu: ignaita, koili, na sensa ya mzunguko ambayo waya wake mwembamba wa ndani unaachana ukitanuka. Wapambanue kwa ile LED ya IGT. IGT ikipotea pamoja na cheche, lawama iko kwenye sensa. IGT ikibaki na cheche ikapotea, iko kwa ignaita au koili. Kitambaa kilicholowana na kukamuliwa vizuri, ukikiweka juu ya mwili wa ignaita ya nje na gari likawaka ndani ya dakika mbili tatu, umeipata. Maji yasiguse soketi. Gereji unaweza kufanya kinyume chake: gari likiwa silensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), elekeza draya ya saluni kwenye ignaita na usubiri.

Kabla hujaibadilisha, ifungue uangalie chini yake. Ignaita inatoa joto lake kupitia bamba la chuma. Nyingine zinahitaji kupakwa grisi nyeupe ya kupitisha joto kati ya mwili wake na chuma, na aliyeifungua mara ya mwisho aliifuta akidhani ni uchafu. Bila grisi hiyo hata mpya kabisa haitadumu, na ile ya kulainishia beringi si mbadala wake.

Linazima likipiga shimo, au siku za upepo na mvua tu

Huu ni ugonjwa wa waya, karibu kila mara. Vumbi la huku ni laini, linaingia kwenye soketi ambazo mpira wake wa kuzuia maji umekauka, na unyevu ukilikuta linakuwa tope linalopitisha umeme kidogo. Kuna pia panya. Gari linalolala karibu na maghala ya mahindi Kibaigwa au Kongwa, fungua bonati utafute makapi na vinyesi juu ya injini. Panya anatafuna ganda, shaba inabaki uchi, na gari linaendelea kuwaka hadi siku ile waya uliovuliwa utakapogusa bodi.

Acha injini iungurume, shika kifungu cha nyaya sehemu moja baada ya nyingine, kitingishe taratibu. Injini ikikohoa umefika. Chomoa soketi, angalia pini iliyorudi nyuma au iliyotanuka, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme na si kwa petroli, bana pini upya. Waya uliokatika uunge kwa risasi ya kulehemu na bomba la plastiki linalosinyaa kwa moto. Kusokota na tepu ni kumwachia kazi fundi mwingine.

Misi (silinda kukosa kuwaka) inayokuja baada tu ya kuosha injini kwa mashine ya presha ni maji kwenye mashimo ya plagi au kifuniko cha distributa. Kausha kwa upepo wa kompresa. Misi isiyoisha, kwenye IST, hamisha koili ya silinda inayosumbua uiweke kwenye nyingine. Kodi ikihama nayo, koili ni mbovu. Ikibaki, angalia plagi, waya wa IGT wa silinda hiyo, au nozeli. Nyaya za plagi kwenye Corolla zisizidi kilo-omu 25 kila mmoja.

Umebadilisha ignaita, nayo imekufa

Usifunge ya tatu. Pima chaji kwanza: oltaneta ikipeleka zaidi ya volti 15, itaendelea kuua kila unachofunga. Pima koili: yenye omu ndogo kuliko inayotakiwa, mara nyingi ya gari jingine iliyolazimishwa, inavuta ampea ambazo ignaita haikuundiwa. Kagua plagi zilizotanuka mwanya na nyaya za plagi zilizokatika ndani. Kisha muulize mwenye gari kama alichomelea bampa au keria bila kuchomoa betri, au kama kuna mtu alibustia kwa kugeuza nyaya.

Pikipiki, kwa ufupi

Bodaboda nyingi za Kichina zinatumia CDI, kiboksi chao cha moto, na kosa la kwanza kabisa liko kwenye swichi ya kuzimia. Waya mweusi wenye mstari mweupe ukigusa bodi, moto unakatika. Uchomoe kwenye CDI, piga kiki. Cheche ikirudi, swichi ya funguo au waya wake umeshuti, na CDI yenyewe ni nzima.

Kuifunga mpya

Betri chomoa upande hasi. Kwangua rangi na kutu mahali inapokaa, paka grisi ya joto kama aina hiyo inaidai, kaza boliti zote, na si moja kwa sababu nyingine imepotea. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye mwili wake na ya zamani, kwa kuwa ignaita mbili zenye soketi inayofanana zinaweza kutofautiana IGF. Washa, pima ile volti 0.2 ya ethi kwa mara nyingine, acha injini ichemke hadi feni iwake yenyewe na kuzima, halafu zunguka na gari hilo barabara yenye mashimo kabla ya kumpigia simu mwenyewe aje kulichukua.